Treni ya kwenda Albany

Nilikwenda Manhattan kununua iliki na karafuu, nikarudi na habari za marehemu. Duka la viungo la Kalustyan's liko 123 Lexington Avenue, na nje ukutani pana kibao kidogo cha shaba. Wateja wanakipita na mifuko yao bila kukitupia jicho. Kumbe humo ndani, enzi hizo nyumbani kwake, ndimo makamu wa rais Chester Arthur alimoapishwa kuwa rais wa Marekani, saa nane na robo usiku wa kuamkia Septemba 20, 1881, baada ya Rais James Garfield kufa kwa jeraha la risasi.

Kilichonigusa si kiapo. Nyumba ile ile, miezi ishirini nyuma, ndimo alimofia mkewe, Ellen, ambaye wenyewe walimwita Nell.

Jumamosi iliyofuata nikakata tiketi ya kwenda Albany, mji mkuu wa jimbo la New York, walikozikwa. Mke wangu alinikumbusha mara mbili kwamba jioni tuna wageni. Nikamwambia nitawahi.

Ukipanda treni hiyo kaa kushoto, dirishani. Reli inaufuata mto Hudson karibu safari nzima, na sehemu nyingine maji yako chini ya miguu yako kabisa. Ng'ambo ikatokea West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, kuta za mawe juu ya mwamba. Arthur hakupita pale. Alikuwa wakili, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 akapewa kazi ya ugavi katika jeshi la jimbo la New York: chakula, mahema, sare, malazi ya maelfu ya askari. Mstari wa mbele hakupelekwa, lakini askari mwenye njaa hapigani.

Baada ya vita siasa zikamteka. Usiku yuko vikaoni, mke nyumbani peke yake. Januari 1880 Nell, aliyekuwa na sauti nzuri ya kuimba, alitoka kwenye onyesho la muziki akasubiri gari la farasi kwenye baridi. Ikawa nimonia. Mume yuko Albany, kwenye siasa hizo hizo. Treni aliyoipata usiku ule ilikuwa ya kubebea maziwa. Alipofika, Nell hajitambui tena. Alifariki tarehe 12, ana miaka 42.

Mimi naipita njia ile ile kinyume chake, kahawa mkononi.

Ikulu aliingia mjane. Picha ya Nell iliwekewa maua mabichi kila siku. Akalipa dirisha la vioo vya rangi katika kanisa la St. John's, mkabala na Ikulu, akaomba liwe upande wa kusini ili usiku, taa za kanisa zikiwaka, alione akiwa kwake. Na Januari 16, 1883, mtu huyu aliyekulia kwenye siasa za kupeana kazi kwa vimemo akatia saini sheria ya Pendleton: kazi za serikali, kwa kuanzia kama moja katika kumi, zipatikane kwa mtihani. Kama alimfanyia Nell, hakusema. Mimi naamini mtu aliyefiwa vile hupungukiwa hamu ya kulipana fadhila za vikaoni.

Makaburi yako Menands, nje kidogo ya Albany, vilima na miti mikubwa. Nilizunguka nusu saa nikipotea. Kisha nikamwona malaika wa shaba, mrefu, amesimama kando ya jeneza la jiwe la rangi nzito, mkono umenyoosha kuti la mtende juu yake. Mtu wa pwani hakosi kulitambua kuti. Nell yuko pembeni hapo hapo. Nikasoma Fatiha kwa mazoea tu, kisha nikaangalia saa.

Treni ya kurudi ilichelewa. Simu ikaita tukiwa bado hatujaiona hata Poughkeepsie, katikati ya njia.

"Baba Salma, uko wapi? Wageni washafika."