Tundu la msumari, na ndimu

Jumamosi, usiku

Mdogo wangu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniletea leo sarafu zilizokuwa zimewekwa kwenye chupa tupu ya dawa nyumbani kwao, akitaka nimwambie zipi zina bei na zipi ni za kutupa. Nyingi ni zile nyepesi za alumini za mwisho wa ukoloni, zenye mchikichi, zimesagika hadi maandishi hayasomeki. Hizo hazikutuchelewesha. Zilizobaki mbili ndizo zilizonikalisha mezani jioni nzima.

Moja ni faranga 1 ya Katanga ya mwaka 1961. Wazee wa Lubumbashi wanaijua: upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba, ule ambao wahunzi wa huku walikuwa wakiutengeneza kwa shaba iliyoyeyushwa karne nyingi kabla ya mkoloni, ukatumika katika biashara na mahari. Jimbo la Katanga, chini ya kiongozi wake Moïse Tshombe, lilijitenga na Kongo Julai 1960, na Januari 1963 yote yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo fedha hii haikuishi sana. Bado si adimu. Inayosakwa kweli ni ya faranga 5 ya dhahabu ya mwaka huohuo.

Hii imetobolewa. Tundu liko juu ya msalaba, karibu na ukingo, na ukiigeuza unahisi kwa kidole mdomo mdogo wa shaba uliosukumwa na msumari. Ni wazi mtu alitaka kupitisha uzi, tena alichagua mahali ili msalaba ukining'inia usimame wima.

“Yaya, hii imeharibika, haina kazi tena,” akaniambia; huku kwetu yaya ni ndugu mkubwa. “Lakini hii ingine inang'aa.”

Inayong'aa ni faranga 2 za Kongo ya Wabelgiji za mwaka 1943, zile zenye umbo la pembe sita na picha ya tembo. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani wakati huo, zikapigwa Philadelphia, Marekani. Naipenda sana sarafu hiyo, na ndiyo maana iliniuma kuiona. Mtu ameisugua kwa ndimu na majivu. Sarafu hii ni shaba iliyochanganywa na zinki, na asidi huila zinki kwanza. Mgongo wa tembo umebaki na wekundu wa waridi ambao haukuwa wake. Chini ya lenzi, uwanja wote, yaani sehemu bapa inayozunguka picha, umejaa mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Zile pembe sita, ambazo kwa kawaida ndizo huumia kwanza, ziko kali kabisa. Ilikuwa sarafu nzuri mno kabla hajaja huyo wa kuipendezesha.

Sokoni zote mbili zimeshuka bei, na ya Katanga pengine zaidi, kwa kuwa iliyo nzima hupatikana bila shida. Nilimweleza hivyo bila kumficha. Swali la kwanza huwa ni hilo: je, nzima yake inapatikana? Ikiwa adimu, hata yenye jeraha itapata mtu. Baada ya hapo natazama jeraha liko wapi, mwaka unasomeka au la, uso umeguswa au ni ukingo tu. Na tundu lenyewe lina mambo yake. Sarafu za shaba za Kongo za mfalme Leopold II wa Ubelgiji, za kuanzia 1887, zina tundu katikati, limezungukwa na nyota, lilitoka nalo kiwandani. Nimeona watu wakiziuza kwa bei ya chuma chakavu wakidhani zimetobolewa.

Lakini mimi sizipimi kwa bei peke yake. Msumari umechukua sehemu ndogo, ukaacha mengine yote mahali pake: mwaka, ndizi, ule utando wa kahawia ambao shaba huujenga polepole kwa miaka. Ndimu imepita kila mahali, na utando uliokwisha kutoka haurudishwi na mtu yeyote. Aliyetoboa alitaka kuivaa. Aliyesugua alitaka kumpendeza mnunuzi, akamwondolea kile kile ambacho mnunuzi anayejua angelipia.

Nilimsihi nyingine akizipata asizioshe hata kwa sabuni. Kutu ya kijani iliyo ngumu, iliyoshikamana, aiache. Akiona unga wa kijani hafifu unaopukutika, hapo ni ugonjwa: chumvi za kloridi zinaila shaba kutoka ndani. Aitenge, aiweke pakavu, aniletee tuilowanishe kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), tukiyabadilisha mara kwa mara.

Tembo amerudi naye. Ya Katanga nimeinunua, na nimempa zaidi ya ambavyo mwenye duka angempa. Kesho ataenda kumuuliza bibi yake ni nani aliyeivaa shingoni. Jina nitaliandika kwenye bahasha yake, pamoja na mtaa.