Punda mia moja kwa ajili ya mwili wa baba

Huu ni mwaka wangu wa sita Cairo, na msiba wa kwanza niliousimamia ulikuwa wa mwenzetu wa Ukerewe. Alianguka usiku, kufikishwa hospitali ameshakata roho. Mama yake alipopiga simu hakuuliza kilichomuua. Alisema tu, "Mwanangu, nileteeni mtoto wangu nimlaze karibu na baba yake."

Tukachanga. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha msiba anaijua ile orodha, na yule mtu wa kukumbusha ahadi kila jioni. Tukalipia mwili upigwe dawa usiharibike njiani, tukalipia jeneza lenye bati ndani, tukalipia ndege. Suti yake niliipeleka mochwari mimi. Mhudumu, mzee wa Kimisri, alinipa ishara nisubiri. Akamfunga tai polepole, akaifungua, akaifunga tena mpaka fundo likakaa katikati.

Mikono ya mzee yule ndiyo iliyonituma kusoma jinsi watu wa kale wa nchi hii walivyowatunza wafu wao. Ufundi ulipokomaa, kazi nzima ilichukua siku 70. Ubongo ulitolewa kwa ndoano kupitia puani. Ubavu wa kushoto ulipasuliwa, yakatoka ini, mapafu, tumbo na utumbo, kila kimoja kikakaushwa na kutiwa kwenye mtungi wake. Moyo uliachwa mahali pake, kwani waliamini ndio unaofikiri na kukumbuka, na ndio utakaowekwa kwenye mizani mbele ya Osiris, mungu wao wa wafu. Kisha mwili ulifukiwa kwenye chumvi kavu kwa siku 40 hivi ili unyonywe maji yote, maana nyama isiyo na maji haiozi.

Na chumvi yenyewe ni magadi! Magadi kama haya tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Waliyatoa Wadi el-Natrun, bonde lililo upande wa jangwani ukitoka Cairo kwenda Alexandria, na Ziwa Natron la kwetu limebeba jina la chumvi hiyo hiyo. Baadaye yalifuata mafuta, utomvu wa miti na vitambaa vya kitani, ambavyo mara nyingi vilikuwa mashuka ya nyumbani yaliyochakaa, yakachanwa vipande virefu. Hilo la mashuka limenigusa kuliko dhahabu yote ya Tutankhamun. Marehemu alifungwa kwa nguo za kitanda cha kwao.

Lakini habari iliyonipandisha treni hadi Aswan ni ya Sabni. Zaidi ya miaka 4,200 iliyopita, zama za Farao Pepi wa Pili, baba yake Mekhu alifia safarini Nubia, nchi ya kusini mwa Misri, ugenini. Sabni hakumwachia mtu mwingine kazi ile. Alichukua watu wa nyumba yake na punda 100, akawapakia mafuta, asali na nguo za kuwapa wenyeji wa huko, akaenda kumfuata. Alimpata, akamtengenezea jeneza, akarudi naye. Farao akatuma kutoka ikulu wakausha maiti, makuhani na waombolezaji, pamoja na barua ya kumsifu kwa kumrudisha baba yake. Yote hayo Sabni aliyachonga kwenye kaburi lake.

Niliposoma hesabu ya punda na shehena yao, niliona orodha yetu ya michango.

Makaburi yao yako Qubbet el-Hawa, ng'ambo ya magharibi ya mto. Nilivuka kwa boti asubuhi, nikapanda mlima huku jua likinichoma kisogo. Makaburi ya baba na mwana yamechongwa mwambani bega kwa bega, na ndani yameungana, unatoka kwa mmoja ukaingia kwa mwenzake. Nikasimama mlangoni. Chini yangu ulikuwa mto Nile, unakuja kutoka kusini, kutoka alikoletwa Mekhu, na mbali zaidi kutoka kwenye ziwa linaloizunguka Ukerewe.

Nikapiga picha, nikamtumia yule mama, nikamsimulia yote kwa ujumbe wa sauti. Jibu lake lilikuja jioni, nyuma yake kuku wanalia.

"Ahsante, mwanangu. Na huyo Sabni, mama yake alikuwa bado hai?"