Vijiti alivyoviona Koch hapa hapa Dar

Mtamba wangu alikufa Jumanne alfajiri, povu jeupe limejaa puani. Nilimtoa Njombe, chotara mzuri, nikamleta Goba. Homa ilipoanza, aliyekuja kumtibu alisema ni ndigana baridi, akachoma sindano akaondoka. Tezi ya chini ya sikio ilikuwa imevimba kama limau. Nilimwonyesha. Akasema itanywea.

Siku ya tatu majimaji ya tezi ile yakapimwa maabara ya mifugo, Temeke. Kijana wa pale akasogeza kiti: "Mama, njoo uone mwenyewe." Kwenye hadubini, ndani ya chembe nyeupe, kulikuwa na madoa ya buluu yenye nukta nukta za zambarau. Ndigana kali, ugonjwa mwingine wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Madoa hayo mpaka leo yanaitwa kwa jina la Koch.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari zake. Robert Koch, aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Dar es Salaam 1897. Katika damu ya ng'ombe wa hapa aliona vijiti vidogo mno ndani ya chembe nyekundu, akavidhania ni vichanga vya kimelea cha homa ya mkojo mwekundu. Kwamba mkojo mwekundu unaenezwa na kupe, hapo alipatia: alichukua kupe wa ng'ombe wagonjwa wa pwani, akawapandisha hadi Kwai, Usambara, na vizazi vyao vikawaambukiza ng'ombe wazima kule.

Vile vijiti vilikuwa vimelea vya ugonjwa mwingine kabisa, hii ndigana kali. Ng'ombe wa pwani walikuwa navyo na bado wanakula majani, kwa kuwa huambukizwa wakiwa ndama, na anayepona hubaki na kinga. Mgeni hana kinga hiyo, kama mtamba wangu. Ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu waliufikisha ugonjwa huo Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mwaka 1902 mifugo ikaanza kuteketea. Koch aliitwa huko 1903. Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Pretoria, alionyesha kuwa si mkojo mwekundu, na 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu, akaonyesha unaenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni.

Nimebakiwa na ndama mmoja. Nimemwandikisha chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya: anachomwa vimelea hai, na papo hapo dawa ya antibiotiki, oksitetrasaiklini, ya kuvidhibiti. Siku ya chanjo haijafika, kwa hiyo kila jioni nampapasa masikio kwa ndani. Jana nimetoa kupe wawili, wa kahawia, wadogo kama punje za ulezi.