Sanduku lililopotea tukirudi Unguja kutoka misheni Malawi

Limepatikana, Mungu ashukuriwe! Naandika kwa yeyote anayesafiri na kundi la kanisa.

Tulibadilisha ndege njiani, tukashuka Uwanja wa Abeid Amani Karume. Mizigo ya wenzangu yote ilitoka, yangu haikuonekana. Nilijaza fomu palepale kabla ya kutoka nje, nikapewa namba ya faili inayoanza na ZNZ, alama ya uwanja huo. Fanyeni hivyo, msiondoke mikono mitupu.

Nikapiga simu, nikaandika barua pepe, nikarudi uwanjani. Jibu lilikuwa lilelile: hakuna mzigo wa jina langu.

Suluhisho lilikuwa kwenye vile vistika vidogo vya mizigo, risiti zenye namba ileile iliyofungwa kwenye mshikio wa sanduku. Tulipoondoka, mwalimu wa kwaya alipima mizigo yetu kwa pamoja, kwa hiyo yote iliandikwa jina lake, na vistika vyote vikabandikwa kwenye tiketi yake. Yeye alikuwa ameshavuka kwenda Pemba. Nikamwomba, "Shikamoo mwalimu, nipigie picha vistika." Akanitumia kwa WhatsApp. Kila kimoja kina tarakimu kumi. Wenzangu wakanisomea namba zilizobaki kwenye mishikio ya masanduku yao, nami nikazifuta mojamoja mpaka ikabaki moja isiyo na mwenyewe.

Niliipeleka namba hiyo pamoja na jina la mwalimu. Karani akaiingiza kwenye kompyuta, sanduku likaonekana: lipo ghalani, pale tulipobadilisha ndege. Kulichukua nilihitaji pasipoti, namba ya faili na barua fupi ya mwalimu ya kuniruhusu.