Nilivyomalizia filamu ya milimita 16 kwa HD nikiwa Kigoma

Filamu yetu fupi inawahusu wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, na karibu yote tuliipiga usiku kwa kamera ya Super 16, yaani ya mkanda wa milimita 16 wenye picha pana zaidi. Negativu zilisafishwa na kuskaniwa London. Kazi iliyobaki niliisimamia nikiwa hapa hapa Kigoma, na naieleza kwa sababu vijana wengi wanaopenda kupiga kwa mkanda wa filamu wanaamini lazima uhamie Ulaya hadi kazi iishe.

La kwanza tuliliamua kabla kamera haijawashwa: fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, toka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndiyo kasi ya televisheni zetu. Ukipiga kwa 24 ukaonyesha kwa 25, picha inakimbia kwa asilimia 4 hivi na sauti za watu zinakuwa nyembamba. Kwa kasi hiyo ya 25, roli ya futi 400 inakupa dakika 10 na sekunde 40 tu, basi panga kabla ya kubonyeza.

Maabara niliiomba nakala mbili za kila roli. Moja ni DPX, mafaili mazito ambayo kila fremu ina faili lake, za biti 10 zilizoskaniwa kwa logi, yaani picha bapa, iliyopauka. Usiiogope. Karabai na taa za LED za wavuvi zinawaka katikati ya giza totoro; kontrasti ikikazwa mapema, mwanga wa taa unageuka doa jeupe na huwezi kuurudisha. Nyingine ni video nyepesi ya aina ya ProRes, yenye jina la roli na taimukodi (namba ya saa ya kila fremu) zile zile za DPX. Hapo ndipo kazi yote iliposimamia.

Fremu moja ya DPX ya 1920 kwa 1080 ina takriban MB 8.3, dakika moja ni GB 12 na ushee. Bando gani litashusha mzigo huo? Diski ya DPX ikabaki Dar es Salaam kwa dada anayerekebisha rangi, nami nikahariri kwa nakala nyepesi kwenye laptopu ya kawaida. Mkato wa mwisho ulipokubaliwa, nilimtumia orodha ya mikato peke yake: faili la maandishi la kilobaiti chache. Programu yake ilisoma roli na taimukodi, ikavuta fremu zile zile kutoka kwenye DPX. Akanitumia video ndogo, nikaiweka juu ya mkato wangu na kukagua kila mahali picha zinapoungana. Hatua hii usiiruke kamwe.

Sauti ilirekodiwa pembeni, nikaifunga na picha kwa mlio wa kibao kinachogongwa mbele ya kamera. Super 16 ina umbo la 1.66 (upana ukigawanywa kwa kimo) na HD 1.78, hivyo tulipunguza kidogo juu na chini.

Rangi ndiyo iliyotuchukua muda. Dada alianza na usiku wa buluu. Nikampelekea mzee mmoja mwenye mitumbwi aione.

"Shikamoo mzee. Unaionaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ziwa letu usiku ni jeusi. Rangi iko pale taa inapogusa maji, basi."

Tuliiondoa buluu yote, na kwangu mimi picha ilianza kuwa ya kweli siku hiyo.

Chembechembe za mkanda hatukuzifuta. Ndizo zinazoipa picha uhai. Nakala kuu tuliitoa kwa ProRes 422 HQ. Ya mtandaoni niliipa biti nyingi kuliko kawaida, kwa sababu chembe zinakula data, na ukiibana sana giza linavunjika miraba miraba. Kuipakia kulichukua usiku kucha.