Ujumbe limefutwa

Kwa miezi kadhaa programu ninayoandikia madokezo yangu ilikuwa ikiniambia "Ujumbe limefutwa". Nikifuta picha, "Picha limefutwa". Ni programu huria, na Kiswahili chake kilitiwa na mtu aliyejitolea kabla yangu. Nilimlaumu kimoyomoyo hadi siku nilipofungua faili la tafsiri nikaona alichopewa: "%s deleted". Hiyo %s ni tundu tu. Programu huchomeka humo neno lolote, liwe faili, picha, ujumbe au kitabu. Maskini alitafsiri akiwa na faili kichwani. (Ndiyo, nasema faili limefutwa. Nyie wa "faili imefutwa" tutagombana siku nyingine.)

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la ujanja: "Umefuta %s". Kitenzi kikimfuata anayefuta, ngeli ya kilichofutwa haina tena usemi. Nikatuma, nikajipongeza. Siku mbili baadaye nikagundua kwamba mstari uleule hutumika pia pale programu yenyewe inapomwaga vitu vilivyokaa kwenye kapu la taka siku 30. Yaani mtu anawasha kompyuta asubuhi, hajagusa chochote, anaambiwa "Umefuta picha". Nikaliondoa ombi langu la mabadiliko kabla halijakubaliwa.

Kumbe kasoro haikuwa kwenye tafsiri, ilikuwa kwenye msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu yenyewe. Nikamwandikia msimamizi wa mradi. Akanijibu kwa upole kwamba gettext, zana inayobeba tafsiri zao, inajua umoja na wingi; Kiarabu kina maumbo 6 ya idadi na hakijawahi kulalamika. Kiswahili kinahitaji mangapi? Mawili tu, nikamwambia, ila idadi siyo inayonisumbua. Nikampangia: faili limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa. Wingi wake: yamefutwa, zimefutwa, zimefutwa, vimefutwa. Nikaongeza kwamba mwongozo wa gettext wenyewe unawashauri waandishi wa programu wasiunge vipande vya maneno, watoe sentensi nzima ndiyo itafsiriwe.

Kimya. Siku 11.

Aliyeniokoa ni mtafsiri wa Kifaransa. Naye miaka yote alikuwa akiandika "supprimé(e)", ile herufi ya mabanoni ikifunika aibu ileile, kwa sababu kwao faili ni la kiume na picha ni ya kike. Lugha mbili zikilalamika pamoja husikika kuliko moja. Msimamizi akaandika neno moja: lete.

Nikachukua nakala ya mradi, nikafungua tawi langu (njia ya kando ya kufanyia mabadiliko bila kuugusa mradi wenyewe), nikaung'oa ule mstari na kuweka sentensi 4 kamili, kila moja na umoja na wingi wake. Majaribio ya kiotomatiki yakarudi mekundu. Nilisahau sehemu moja iliyokuwa bado inauita mstari wa zamani, na bila shaka ilikuwa palepale kwenye kapu la taka. Nikarekebisha, yakawa ya kijani. Kisha msimamizi akanirudishia tena: njiani nilikuwa nimenyoosha nafasi zilizokaa ovyo kwenye mistari jirani, akataka niziache kama zilivyokuwa, nizilete kwa ombi la peke yake. Nilinuna. Ila nilipotazama upya orodha ya mabadiliko bila hayo mapambo, ilisomeka kwa dakika moja.

Toleo jipya lilipotoka nilifuta ujumbe mmoja makusudi, nikasoma "Ujumbe umefutwa", nikaurudisha, nikaufuta tena. Kuona sentensi ya kapu la taka kungehitaji kungoja siku 30, nami sina subira hiyo, kwa hiyo nikaisogeza saa ya kompyuta mbele siku 31. "Jumbe 6 zimefutwa." Safi kabisa. Nikasahau kuirudisha saa, na jioni nzima nikawa nagombana na kivinjari, kinakataa kufungua tovuti kadhaa kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama vimekwisha muda.