Siku moja maishani mwangu: nampa Picasso mgongo

Shangazi yangu wa Tanga haamini kama kulinda picha za makumbusho ni kazi. "Yaani mwanangu, unalipwa kwa kukaa na picha?" Shikamoo shangazi, kwanza sikai.

Saa saba mchana. Natoka mtaani kwangu Lavapiés kwa miguu, muda si mrefu nimefika Reina Sofía, makumbusho ya sanaa ya kisasa hapa Madrid, karibu na stesheni ya Atocha. Zamani jengo hili lilikuwa hospitali, na ukipita kwenye korido zake ndefu, dari huko juu, unaamini. Nabadili nguo na kuvaa viatu vya soli nene.

Saa nane hadi saa kumi na moja niko vyumba vya pembeni. Nimeulizwa choo mara kumi na moja. Nimemwambia mtoto asiguse, mara mbili. Baba yake, mara moja.

Saa kumi na moja na nusu nahamia kwa mwenyewe: Guernica. Mchoraji Picasso aliichora mwaka 1937, baada ya ndege kuupiga mabomu mji wa Guernica, wa Wabaski wa kaskazini mwa Hispania, siku ya gulio. Upana wake mita 7.77, kimo 3.49, yote nyeusi, nyeupe na kijivu. (Ndiyo, huwa naulizwa rangi zimeenda wapi.) Watu hudhani tunashinda tukiitazama. Mimi natazama mabegi ya mgongoni, miavuli, viwiko. Picha iko nyuma yangu.

Hadi 2023 kulikuwa na sentensi moja tu: hakuna kupiga picha. Septemba mwaka huo ikaruhusiwa, ila bila flashi, bila kijiti cha selfi, bila stendi. Tangu hapo na wageni nao wanaipa mgongo. Tofauti ni kwamba mimi nalipwa.

Leo kaja bwana mmoja na kijiti chake. Namwendea taratibu: "Señor, por favor." Bwana, tafadhali. Amenisikia vizuri, maana amekirefusha zaidi. Ametoka mbali, anasema. Ndege yake ni usiku huu. Mchoro ni wa binadamu wote. Mkewe anatazama sakafu. Namwambia simu ruhusa, kijiti hapana. Ananitazama kuanzia viatuni hadi usoni: "Unamjua hata aliyeichora?"

Nikanyamaza. Ningeweza kumwonyesha yule ndege aliyefifia kati ya fahali na farasi, ambaye wengi humpita, au kile kiua kando ya upanga uliovunjika, mkononi mwa askari aliyeanguka. Hayo sikuyapata shuleni, niliyapata kwa miguu hii. Nikasema tu, "Kijiti, señor." Akakikunja. Nikageuka kumzuia binti aliyeinama kupita kiasi, kurudi nakiona tena juu ya vichwa, kama mlingoti wa ngalawa. Nikamfuata. Akakikunja. Mara ya tatu mkewe ndiye aliyempokonya na kukitia mkobani, akanikonyeza. Mungu ambariki mama yule.

Saa moja usiku kiingilio ni bure hadi kufunga, na foleni yote iliyokuwa nje inaingia kwa mpigo. Ni haki yao, nafurahi kuwaona. Kuna wanafunzi, kuna wazee wa mtaani kwangu. Lakini nyayo zinawaka. Nahamisha uzito mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Mwenzangu wa Colombia ananiashiria kwa vidole: bado dakika ishirini. Baadaye ananiashiria tena, bado ishirini. Sijui alikosea yeye au mimi. Choo kiko wapi? Kulia, halafu moja kwa moja. Msiegemee ukuta, tafadhali. Choo? Kulia.

Saa tatu tumefunga. Nje, karibu na Atocha, kijana mwenye sanduku la magurudumu ananikimbilia: Guernica iko wapi? Namwambia tumeshafunga, na kesho Jumanne hatufungui, labda keshokutwa.

Anafikiri kidogo. "Basi choo je?"